Lugha ya Mtambo Mdogo: Mwanhuzi na Mas'ala ya Utangazaji kwa Lugha za Wenyeji

Mwanhuzi ni makao makuu ya Wilaya ya Meatu, ambayo mwaka 2012 ilitolewa Shinyanga ikawa sehemu ya Mkoa mpya wa Simiyu. Wengi wa watu wake ni Wasukuma, wakulima wa pamba na wafugaji. Pamoja nao wako Wanyiramba na Wataturu, na kuelekea Ziwa Eyasi wako Wahadzabe. Mahali kama hapo ndipo linapofaa kuulizwa swali lisilosikika sana Dar es Salaam: mtambo mdogo wa redio au televisheni, ambao mawimbi yake hayaendi mbali kupita wilaya moja, useme kwa lugha gani?

Swali hili lilipata jibu mapema mahali pengine. Katika mji wa San Antonio, Texas, Raoul Cortez alianzisha redio ya Kihispania mwaka 1946, na mwaka 1955 akaongeza televisheni, KCOR-TV. Kituo hicho kilipewa mkondo wa 41, katika mawimbi ambayo vyombo vingi vya wakati ule havikuweza kuyapokea bila kifaa cha ziada. Sheria ya kuwalazimisha watengenezaji watoe vyombo vyenye kupokea mikondo yote ilipitishwa mwaka 1962 tu. Basi udhaifu wa kituo haukutokana na lugha yake. Wasikilizaji walikuwapo, njia ya kuwafikia ndiyo iliyokuwa nyembamba. Mwaka 1982 Serikali ya Marekani iliweka daraja maalum la vituo vya televisheni vyenye nguvu ndogo, na vingi kati ya hivyo vimetumia Kihispania.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili, ambao wasifuo lugha za wenyeji huusahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kituo cha Cortez kiliingia mikononi mwa kundi lililohusiana na wenye televisheni wa Mexico, na sehemu kubwa ya vipindi ikawa inatoka huko. Lugha ilibaki ya nyumbani, mambo yakawa ya mbali. Hapa pana funzo la kwanza: lugha ya mahali peke yake haikifanyi kituo kuwa cha mahali hapo.

Tanzania imekwenda njia nyingine. Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi. Lakini kanuni za maudhui, zikiwamo za mwaka 2018, ziliweka Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha za utangazaji, na lugha nyingine zikahitaji kibali. Sababu yake ni ya heshima. Kiswahili kimewaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia moja, na jambo hilo si dogo hata kidogo. Tena hofu ya wenye kutunga kanuni haikuzuka bure: nchini Kenya, Tume ya Jaji Waki ya mwaka 2008 ilizitaja baadhi ya redio za lugha za kienyeji kuwa zilichangia kueneza chuki wakati wa uchaguzi.

Hata hivyo hoja hii ikipimwa yaonekana ina ufa. Mfano mbaya kuliko yote katika Afrika ni RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza mwaka 1993 na kuchochea mauaji ya mwaka 1994. Redio hiyo ilisema hasa kwa Kinyarwanda, lugha ambayo waua na wauawa waliielewa sawasawa. Haikuwa lugha ya kabila moja dhidi ya jingine. Ilikuwa lugha ya nchi nzima. Kwa hiyo si kweli kwamba lugha moja ni kinga ya chuki, wala kwamba lugha nyingi ndizo mama yake. Kinachopaswa kulindwa ni neno linalosemwa, kwa lugha yoyote. Tena kanuni inayokiruhusu Kiingereza bila kibali, huku Kisukuma kikiombewa ruhusa, haiwezi kutetewa kwa hoja ya umoja peke yake. Kwa mzee wa kijijini Meatu, Kiingereza ndicho kigeni.

Hasara ya ukimya huu yaonekana katika fasihi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kubwa kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilipochapishwa, baada ya miaka 35 hivi, ilitoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri ya mwandishi mwenyewe. Kiswahili kilitajirika, na jambo hilo ni la kushukuriwa. Lakini Kikerewe, kilichoizaa kazi hiyo, kilibaki mlangoni. Mtoto akaribishwapo na mama akaachwa nje, karamu ina kasoro.

Wala si kweli kwamba Kiswahili hupungukiwa jirani zake wakisema. Neno "ikulu" lilitoka katika lugha za Wanyamwezi na Wasukuma. "Ngeli", ambalo wanasarufi hawawezi kufanya kazi bila hilo, lilitoka Kihaya. Mtambo mdogo unaorusha mazungumzo ya wakulima na wafugaji ungekuwa ghala la msamiati wa mifugo, udongo na mvua, ambao kamusi hazijaukusanya wote.

Imebaki hoja moja nzito. Kama Mwanhuzi pangekuwa na kituo cha Kisukuma kitupu, Mhadzabe angefanywa mgeni kwa mara ya pili: kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa lugha ya jirani yake mkubwa. Watu wake ni wachache, hawazidi sana elfu moja, na biashara ya matangazo haitawatafuta. Kwa hiyo kuondoa katazo tu hakutoshi. Yafaa kibali kitolewe kwa saa zilizogawanywa, habari za taifa zibaki kwa Kiswahili, muhtasari wa Kiswahili ufuate kila kipindi cha lugha ya mahali, na lugha ndogo ipewe saa yake hata kama haina mnunuzi. Tena sauti zote zihifadhiwe kwa ajili ya uchunguzi. Umoja wa Kiswahili umekwisha kukomaa. Hauhitaji tena kulindwa kwa kuwanyamazisha waliojiunga nao kwa hiari.