Mtoto Anafichwa Mara Mbili

Wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi nanyi. Si ugomvi wa ngumi, ni wa karatasi. Katika miswada tunayopeana kusoma siku hizi, hadithi za baba aliyetoroka na mtoto, au mama aliyemficha mtoto ili baba asimwone, zimekuwa nyingi. Wingi huo siulaumu. Mambo yenyewe yapo, tena mitaani kwetu. Ndoa inavunjika, mtoto anagombaniwa, mmoja anamwamsha alfajiri na kumpandisha basi la mkoani kwa bibi, kisha simu haipokelewi tena. Nani kati yetu hamjui mtoto wa namna hiyo? Tusipoyaandika sisi, nani atayaandika?

Ninacholaumu ni jinsi tunavyoyaandika. Karibu hadithi zote nilizosoma zina kasoro moja, na kasoro yenyewe hatukuizua sisi. Imo hata katika kitabu na filamu ambayo watu wengi huikumbuka kwanza jambo hili likitajwa. Ni hivi: mtoto anafichwa mara mbili. Kwanza anafichwa na mzazi, halafu anafichwa na mwandishi.

Tuanze na hicho kitabu. *Not Without My Daughter* kilitoka mwaka 1987, kimeandikwa na Betty Mahmoody akisaidiana na William Hoffer. Wengine mtakuwa mmeiona filamu yake ya mwaka 1991, ile ya Sally Field na Alfred Molina, hata kama kitabu chenyewe hamjakishika. Kisa ni cha kweli kama alivyokieleza mama mwenyewe. Betty ni Mmarekani, ameolewa na daktari mzaliwa wa Iran. Agosti 1984 wanakwenda Tehran kuwatembelea ndugu wa mume, wakiwa na binti yao Mahtob ambaye hajatimiza miaka 5. Ziara ni ya majuma mawili. Majuma yanakwisha, mume anatangaza kwamba hakuna kurudi. Betty mwenyewe angeweza kutafuta njia ya kuondoka, lakini mtoto kwa sheria ya pale yuko mikononi mwa baba. Anakaa mwaka mmoja na nusu. Mwanzoni mwa 1986 anatoroka na binti yake kupitia milima hadi Uturuki.

Kifani, kitabu kimefaulu. Tusiwe wachoyo wa sifa. Msomaji anashikwa tangu mwanzo, na kinachomshika si mabomu ya vita vya Iraki na Iran yanayoanguka mjini, wala theluji ya milimani. Ni swali moja tu: utaondoka peke yako, au utabaki kwa ajili ya mtoto? Swali hilo limo hadi kwenye jina la kitabu. Mwandishi chipukizi anayetaka kujua taharuki inajengwaje, hapo ana shule ya bure.

Sasa tuje kwenye maudhui. Filamu ilisemwa sana kwa namna ilivyowachora Wairani, na ilistahili kusemwa, kwa sababu hata katika kisa hichohicho waliomsaidia Betty kutoroka walikuwa Wairani. Lakini mimi nina shtaka jingine, na sijasikia likitajwa sana. Mtoto yuko wapi? Yupo, ndiyo. Analia, anaburutwa, anakumbatiwa, anabebwa. Ni kama begi la thamani ambalo watu wawili wanalivuta, na sisi watazamaji tunaomba dua lisipasuke. Anajua nini huyu binti? Baba aliyekuwa akimchezesha Marekani na baba anayemfokea mama Tehran, kichwani mwake amewaweka vipi? Je, kuna siku alimpenda baba kisha akaona aibu kumpenda? Hatuambiwi. Mama anasimulia mateso ya mama, na kwa nafsi ya kwanza ana haki hiyo. Ila sisi wasomaji tumefunga kitabu tukidhani tumesoma habari za mtoto.

Mwaka 2002 baba naye akajibu. Ilitoka filamu ya hali halisi kutoka Ufini iitwayo *Without My Daughter*, na humo Dk. Mahmoody anakana kwamba yeye ndiye yule dubwana wa Hollywood, na anaeleza hamu yake ya kumwona binti. Haya, upande wa pili umesikika. Lakini angalieni lile jina: wa kwanza anasema si bila binti yangu, wa pili anasema bila binti yangu. Wote wawili wanasema *yangu*. Ugomvi umehama kutoka sebuleni Tehran ukaingia kwenye maduka ya vitabu na majumba ya sinema, na binti bado yuko katikati, hajafungua mdomo.

Alifungua mwaka 2015. Mahtob Mahmoody, akiwa mtu mzima, alitoa kitabu chake, *My Name Is Mahtob*. Jina tu linatosha kuwa uhakiki wa vile viwili vilivyotangulia: jina langu ni Mahtob. Kwa wale waliozoea filamu, ambayo inakwisha mama na mtoto wakiwa huru na muziki unapanda, kitabu hiki kina habari mpya: kuvuka mpaka hakukumaliza kitu. Binti alirudi Marekani, na hofu ikarudi naye, kwamba siku moja baba atatokea na kumchukua tena. Akaishi utoto wa tahadhari. Akaugua lupasi. Akapambana na suala la kusamehe, na anasema alimsamehe baba yake, lakini hakutaka kukutana naye. Baba alifariki mwaka 2009 bila wao kuonana tena.

Hebu tulieni na hilo kidogo. Alisamehe, na hakwenda. Muswada upi kati ya ile tunayopeana una mhusika wa namna hiyo? Sisi kwetu anayesamehe lazima akimbilie kifuani mwa mzazi, mvua inyeshe, walie wote, hadithi iishe. Maisha yamekuwa na akili kuliko sisi.

Najua kuna atakayesema: Mahtob aliandika maisha yake, anayajua. Mimi mtunzi wa hadithi nitaingiaje kichwani mwa mtoto wa miaka 6? Swali zuri. Jibu lake lilishatolewa zamani, mwaka 1897, na Henry James katika riwaya ya *What Maisie Knew*. Wazazi wameachana, mahakama imemgawa Maisie nusu kwa nusu, miezi 6 kwa baba na miezi 6 kwa mama. Hao wazazi hawamtaki kwa mapenzi, wanamtaka kwa kukomoana. Kila mmoja anamjaza maneno machafu ampelekee mwenzake, na mtoto anayafikisha kama tarishi mwaminifu. Halafu siku moja anagundua kitu: si lazima ayafikishe. Anaanza kusahau kwa makusudi. Akiulizwa, anatoa macho tu. Wazazi wanakasirika, wanamwona mjinga, na yeye kwa mara ya kwanza ana kitu ambacho ni chake peke yake: kimya chake.

Basi hapo ndipo pa kujifunza. James hakutumia nafsi ya kwanza, wala hakuiga kitoto. Alikaa nafsi ya tatu, lakini macho ni ya Maisie. Mtoto anaona mengi kuliko maneno aliyonayo. Msomaji ana maneno, kwa hiyo anaelewa kile ambacho mtoto amekiona bila kukielewa. Pengo hilo ndilo linalouma. Mnaoandika “mama alilia machozi ya damu huku moyo ukimpasuka vipande elfu”, mnaziba pengo lote kwa machozi, msomaji hana kazi ya kufanya.

Na msidhani hili ni la Wazungu tu. Katika *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, Maimuna anafungiwa ndani na baba yake, Maksuudi. Si kisa cha kugombania mtoto mahakamani, lakini ni mtoto aliyefichwa dunia. Msanii hakuturuhusu tusimame uani na kumhurumia kwa mbali. Tunaijua kiu yake ya kutoka, na akishatoka tunaona jinsi kufichwa kulivyomwacha bila silaha mbele ya mji. Athari ya kufichwa ndiyo riwaya yenyewe, kufuli ni mwanzo tu.

Kuna kisingizio cha pili, nacho ni kikubwa zaidi. Mnapenda hukumu. Kila muswada unataka mwishoni tujue nani alikuwa na haki, baba au mama. Tumelelewa na hukumu ya Suleimani na ule upanga, sawa. Bertolt Brecht naye aliichukua ngano ya jinsi hiyo mwaka 1944 akaandika *Duara la Chaki la Kaukazi*, akaipindua: mtumishi aliyemlea mtoto anashinda, mama mzazi aliyemwacha akishughulikia magauni wakati wa machafuko anashindwa. Mchezo mkubwa, na una hoja ya kijamii ambayo bado haijazeeka. Lakini hata pale mbele ya Azdak, mtoto anawekwa ndani ya duara na anashikwa mikono. Hakuna anayemwuliza.

Na hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu sheria, ambayo tunaiita kavu, imetuzidi sisi wasanii. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 uliundwa ili mtoto aliyevushwa mpaka na mzazi mmoja bila haki arudishwe haraka nchi alikokuwa akiishi. (Betty usingemfaa: mwaka 1984 si Marekani wala Iran iliyokuwa imefungwa nao.) Ndani ya mkataba huo, ibara ya 13, mahakama inaweza kukataa kumrudisha mtoto ikiwa kuna hatari kubwa kwake, au ikiwa mtoto mwenyewe anapinga na amefikia umri na ukomavu wa kusikilizwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 125, nayo inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa. Lakini kifungu hichohicho kinaitaka mahakama itazame pia matakwa ya mtoto, kama umri wake unamruhusu kuwa na maoni yake. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unasema vivyo hivyo. Yaani hakimu anatakiwa amsikilize. Mwandishi, mwenye uhuru wote duniani, hamwulizi!

Msinielewe vibaya. Sisemi wazazi wanaoficha watoto ni waovu wote. Wapo wanaokimbia kipigo, na kumficha mtoto ndiyo njia pekee waliyoiona. Wapo wanaoficha kwa kisasi, na mdomoni wanasema ni usalama wa mtoto. Kwa nje matendo yanafanana: begi dogo, safari ya usiku, uongo kwa majirani. Kazi ya fasihi iko hapo hasa, kwa sababu mtoto aliye ndani ya basi hana namna ya kujua amepanda lipi kati ya hayo mawili. Anajua tu kwamba ameambiwa wanakwenda kusalimia, na kwamba mama, au baba, amebeba vyeti vya kliniki. Anayekwenda kusalimia habebi vyeti.

Nitoe mfano ili nisiambiwe nalaumu tu. Mvulana amehamishiwa kwa bibi, ameandikishwa shule kwa jina jipya. Mwalimu anaita daftari la mahudhurio. Anaita lile jina mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mtoto hakukaidi, amesahau kwamba huyo ndiye yeye. Anachapwa kwa kiburi. Jioni bibi anamwuliza shule ilikuwaje, anajibu nzuri. Sijaweka chozi hata moja, wala sijasema nani alikosea katika ndoa ile. Lakini nyie mnaosoma mmeshajua kuna mtu mahali fulani anamtafuta mtoto kwa jina la zamani, na mtoto anachapwa mpaka alisahau. Andikeni kutoka hapo.

Yapo mengi ya kuchimba. Ile picha ya familia iliyokatwa kwa mkasi, na mtoto anayekumbuka nani alikuwa upande uliokatwa. Lugha ya nyumbani kwa baba ambayo kwa mama hairuhusiwi. Mtoto anayeambiwa mzazi wake amekufa, kisha anamwona stendi. Na huyo huyo miaka 20 baadaye, naye ana mtoto, naye anagombana na mwenzake, na begi dogo lipo juu ya kabati.

Kwa hiyo, jamani, iwekeni chini ile miswada ya machozi ya damu. Kabla hamjaandika tena, mjibu maswali matatu. Mtoto wako ameambiwa aseme nini akiulizwa? Amekatazwa kumtaja nani? Na ni kitu gani amekijua ambacho hajamwambia hata huyo mzazi aliyemficha? Ukiwa na majibu, lete. Mimi nitausoma muswada wako wa kwanza kabisa, hata kama mwandiko wako ni wa kuku.