Kitalu Kwanza, Kampuni Baadaye

Mteja anayetafuta kampuni ya kumpeleka kuwinda wanyama wakubwa kwa kawaida huanza na picha za nyara na bei. Afadhali aanze na ardhi: kitalu cha uwindaji ni cha nani, na mgawo wa mwaka huu unaruhusu mnyama gani humo?

Kisa cha simba Cecil kinaonyesha sababu. Julai 2015, pembeni mwa Hifadhi ya Hwange nchini Zimbabwe, Walter Palmer, daktari wa meno kutoka Minnesota aliyeripotiwa kulipa dola 50,000 hivi, alimpiga simba huyo kwa mshale ndani ya shamba la mtu binafsi baada ya mnyama kuvutwa kwa chambo. Cecil alijeruhiwa, akaja kumaliziwa saa kadhaa baadaye. Mamlaka ya wanyamapori ilitamka kwamba shamba lile halikuwa na mgawo wa simba. Baadaye serikali ikasema nyaraka za Palmer zilikuwa sawa, na Novemba 2016 mahakama ikafuta shtaka la mwindaji bingwa aliyemwongoza. Vibali vya mgeni vilikuwepo. Simba wa kuwindwa mahali pale kisheria ndiye hakuwepo.

Tanzania, iliyoanza kunadi vitalu kwa njia ya kielektroniki mwaka 2019, hutoa mgawo kwa kila kitalu. Mteja adai kuuona kabla ya kulipa malipo ya awali. Kampuni inayositasita hapo iachwe.

Kisha umri wa mnyama. Kanuni za Tanzania zinalenga simba dume wa miaka sita na kuendelea, kwa kuwa dume kijana akiuawa, madume wageni huvamia kundi na kuua watoto wake. Mwindaji bingwa mzuri huisoma pua: weusi huongezeka kadiri simba anavyozeeka. Basi aulizwe ni lini mara ya mwisho alimrudisha mteja nyumbani bila simba. Jibu lake lina uzito zaidi kuliko picha zote za ukutani, maana kishawishi cha kufyatua risasi huwa kikali zaidi siku ya mwisho ya safari ya siku 21.

Mkataba nao utenganishe ada ya kila siku na ada ya nyara, na useme mnyama aliyejeruhiwa akapotea analipiwaje. Tena nyara yenyewe inaweza kuzuiwa mpakani: mwaka 2014 Marekani ilisimamisha uingizaji wa nyara za tembo kutoka Tanzania na Zimbabwe. Hasara ya zuio la namna hiyo iandikwe mapema itabebwa na nani.