Padre Teilhard na Neno "Binadamu"

Katika shule zetu za Tukuyu na Rungwe mwanafunzi hufundishwa katika kipindi kimoja kwamba Mungu ndiye Muumba, na katika kipindi cha pili kwamba mwili wa mtu umetokana na viumbe vya kale kwa mageuko ya taratibu. Asiposaidiwa, huona kuwa hana budi kumwamini mwalimu mmoja na kumwacha mwingine. Kwa hiyo yafaa tuipime kazi ya padre mmoja aliyekataa kuchagua hivyo.

Pierre Teilhard de Chardin alizaliwa Ufaransa mwaka 1881, akaingia shirika la Wajesuiti, akapewa upadre mwaka 1911, akawa mtaalamu wa miamba na mifupa ya kale. Karatasi aliyoiandika mwaka 1922 juu ya dhambi ya asili haikuwapendeza wakubwa wake. Akaondolewa katika ualimu wake wa Paris, akakaa miaka mingi Uchina, akishiriki uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale karibu na Peking. Hata pande zetu alifika: mwaka 1928 na 1929 alichunguza miamba ya Obock na Harar. Alikufa New York siku ya Pasaka mwaka 1955, na kitabu chake kikuu, Le Phénomène humain, alichokatazwa kukichapa alipokuwa hai, kikatoka mwaka huohuo. Mwaka 1962 Roma ilitoa onyo juu ya maandiko yake.

Fundisho lake kwa ufupi ni hili. Uumbaji si kazi iliyokwisha zamani. Mungu aumba hata sasa, akiviwezesha viumbe vikue na kugeuka. Kadiri mwili wa kiumbe uzidivyo kuungamana kwa ufundi, ndivyo fahamu yake izidivyo. Na safari yote yaelekea mwisho mmoja, aliouita Omega kwa herufi ya mwisho ya Kiyunani, naye aliamini kuwa mwisho huo ni Kristo.

Sehemu ya kwanza ya fundisho hili ni njema. Mgomba huchipuka katika shina la mgomba mwenziwe, wala hakuna Mkristo wa Rungwe asemaye kwamba kwa sababu hiyo ndizi si kipawa cha Mungu. Kujua njia ya kazi si kumkana mwenye kazi. Papa Yohane Paulo II naye alikiri mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu.

Lakini yako makosa mawili. La kwanza, Padre Teilhard aliyatoa mambo ya imani kana kwamba ni matokeo ya uchunguzi. Peter Medawar, mtaalamu wa viumbe wa Uingereza, alimkemea kwa ukali mwaka 1961, na katika jambo hili alikuwa na haki. Mifupa yaonyesha kwamba miili imegeuka, haionyeshi Omega. Omega yaaminiwa, haichimbwi.

La pili latugusa zaidi. Katika kitabu chake aliandika kwamba, katika nyakati za historia, mhimili mkuu wa maendeleo ya mtu umepita katika nchi za Magharibi. Ni kweli kwamba baada ya kuzuru Afrika Kusini mwaka 1951 alikubali kuwa bara letu ndilo chimbuko la watu. Hata hivyo picha ilibaki ileile: Afrika ni mwanzo wa njia, Ulaya ni kichwa chake. Hiyo ni ngazi, na katika ngazi yuko aliye juu na yuko aliye chini.

Tusidhani kwamba ngazi hiyo ni ya Wazungu peke yao. Masimulizi ya Wanyakyusa yanena kwamba watawala walitoka Ukinga, wakaleta moto na ng'ombe, wakawakuta wenyeji wakila vyakula vibichi. Hapo pia mwenye moto amepewa haki ya kumtawala asiye nao.

Mlima wetu wenyewe waipinga ngazi. Mwaka 2003 watafiti walimtambua katika misitu ya Rungwe kima ambaye wawindaji wa hapa walikwisha kumjua kwa jina la kipunji; mwaka 2006 wataalamu wakampa jenasi yake, Rungwecebus. Umbo lake ni la kima wa miti, lakini chembe zake za urithi zaonyesha kuwa jamaa yake wa karibu ni nyani. Basi kipunji si mtu aliyechelewa njiani, bali ni tawi jingine la mti uleule. Mageuko ni mti, wala si ngazi.

Na Kiswahili nacho kina neno la kumjibu padre huyu. "Binadamu" limetoka katika Kiarabu, maana yake mwana wa Adamu. Wengine huona neno hili kuwa kikwazo kwa elimu ya mageuko. Mimi naona ni ulinzi. Halituambii mwili wa Adamu ulifanywa kwa miaka mingapi. Latuambia kwamba mla vibichi na mwenye moto, Mzungu na Mnyakyusa, ni wana wa baba mmoja, wala hakuna aliye binadamu zaidi ya mwenziwe.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tulipokee kwa Padre Teilhard fundisho la Mungu aumbaye hata sasa, na ngazi yake tuiache. Mwanafunzi aulizapo, tumwonyeshe lipi ni la mifupa na lipi ni la imani, tusimlazimishe kutupa moja ili alishike jingine.