Tyubu Mbili za Ng'ombe kwa Kiwele cha Mbuzi Mzima

Uamuzi unaochambuliwa hapa unafahamika kwa kila aliyewahi kusimama katika banda la mbuzi wa maziwa msimu unapoelekea ukingoni: mbuzi yumo katika mwezi wa 8 wa kukamuliwa, maziwa yanapungua, kibao cha CMT kinaonyesha ute wa daraja la 2 upande wa kushoto na daraja la 2 upande wa kulia, na papo hapo tyubu mbili za antibiotiki zilizotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe zinaingizwa katika chuchu zote mbili. Usafi wa kiwele, kikombe cheusi cha maziwa ya kwanza na daftari la lita vyote vilikuwa sawa. Kosa liko katika tyubu, nalo ni kosa lisilo na utetezi.

Kipimo chenyewe hakina hatia. CMT, yaani kipimo cha California cha ugonjwa wa kiwele, kilitangazwa mwaka 1957 na O. W. Schalm na D. O. Noorlander, nacho hutumia sabuni inayopasua seli zilizomo katika maziwa na kuachilia DNA, ambayo hufanya ute unaozidi kuwa mzito kadiri seli zinavyokuwa nyingi. Ute huo ni ushahidi wa wingi wa seli, wala hauwezi peke yake kuthibitisha kuwapo kwa bakteria. Kibao cha mabingwa hao kilikuwa na vikombe vinne, kimoja kwa kila robo ya kiwele cha ng'ombe, hivyo anayekitumia analazimika kuitazama kila robo sambamba na nyingine. Busara hiyo ya ulinganisho ndiyo iliyopotea mikononi mwa warithi wao, wanaosoma daraja moja moja kana kwamba kila kikombe kinasimama peke yake.

Kiwele cha mbuzi kina nusu mbili, kila moja ikiwa na tezi zake na chuchu yake, na bakteria kwa kawaida huingia kupitia tundu la chuchu. Kwa hiyo nusu iliyoambukizwa aghalabu hutofautiana na mwenzake. Daraja la 2 pande zote mbili, katika mbuzi anayekula vizuri, ambaye kiwele chake ni laini, hakina joto wala uvimbe, na ambaye maziwa yake hayana mabonge, lilipaswa kuwa sababu ya kuusimamisha mkono. Zipo hali ambapo nusu zote mbili huugua, lakini hizo huthibitishwa kwa kuotesha sampuli maabara, na mojawapo, yaani maambukizi ya virusi vya CAE vinavyoweza kukigumisha kiwele chote, haitibiki kwa antibiotiki hata kidogo.

Chanzo cha kosa ni mazoea ya kumsoma mbuzi kwa kitabu cha ng'ombe, mazoea ambayo yamekwisha kulalamikiwa mara nyingi na bado hayajakoma. Tezi za mbuzi hutoa maziwa kwa njia iitwayo apokrini, ambapo sehemu ya juu ya seli humeguka na kutoka pamoja na maziwa, na vipande hivyo visivyo na kiini vinakaribiana kwa ukubwa na seli kamili, kiasi kwamba mashine inayohesabu chembe bila kubagua DNA huvijumlisha kimakosa. CMT, kwa kuwa inategemea DNA, inaepuka mtego huo. Lakini hata seli halisi huongezeka kwa mbuzi asiye na maambukizi, hasa chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili, anapokaribia kukauka, anapoingia joto na kadiri anavyozidi kuzaa. Ndiyo maana Marekani, yenye kikomo cha seli 750,000 kwa mililita ya maziwa ya ng'ombe, ilipandisha kikomo cha mbuzi kutoka 1,000,000 hadi 1,500,000, na Umoja wa Ulaya, wenye kikomo cha 400,000 kwa ng'ombe, haujamwekea mbuzi kikomo chochote.

Mabadiliko mengine ya maziwa hayo yalikuwa yakisema jambo lile lile. Baada ya kilele, ambacho hufikiwa wiki chache tu baada ya kuzaa, wingi hushuka huku mafuta na protini vikipanda, kwa hiyo uzito wa maziwa ya mwezi wa 8 ni kanuni. Ladha ya chumvi, inayotokea pale sodiamu na kloridi zinapopenya na laktosi kupungua, ingekuwa na maana iwapo ingeonekana upande mmoja tu. Hata harufu, ambayo lawama yake hutupiwa beberu kila mara, mara nyingi hutokana na kimeng'enya cha lipasi kinachoachilia asidi za kaproiki, kapriliki na kapriki kutoka katika mafuta ya maziwa yaliyotikiswa au kucheleweshwa kupozwa.

Gharama ya uamuzi haikuishia kwenye maziwa yaliyomwagwa. Ncha ya tyubu, isipotanguliwa na usafi kamili wa tundu la chuchu, huweza kuingiza vijidudu mahali ambapo havikuwapo. Kipindi cha kusubiri kilichoandikwa kwenye lebo kilipimwa kwa ng'ombe, hivyo hakimhakikishii mnywaji wa maziwa ya mbuzi usalama wowote. Na mabaki ya dawa huua bakteria wanaogandisha mtindi na jibini.

Hatua sahihi zilikuwa tatu, nazo ni nafuu kuliko tyubu: kurudia kipimo baada ya siku chache, kupeleka maabara sampuli safi ya kila nusu, na, kwa kuwa msimu ulikuwa ukiisha, kumkausha mbuzi huku dawa ya kukausha ikiwekwa, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, katika nusu iliyothibitishwa kuwa na bakteria pekee. Kiwele kilichogeuka baridi na cha buluu, dalili ya gangrini inayosababishwa mara nyingi na Staphylococcus aureus, hakisubiri majibu ya maabara. Hapo haraka ina haki yake, na ndipo antibiotiki zinapohitajika bado zikiwa na nguvu.