Kahawia imepanda hadi tabaka la ngapi?

Doa jeupe lisilofutika ubavuni mwa ulimi, yaani lukoplakia, kwa macho halitoboi siri. Madoa mengi ya aina hii hayageuki saratani kamwe. Daktari hukata kinyama, mtaalamu wa patholojia akakitazama kwa darubini na kupima displasia: seli zimevurugika kiasi gani? Shida ni kwamba wataalamu wawili wakipewa kioo kimoja cha darubini, mara nyingi hawakubaliani kuhusu daraja. Ndipo viashiria vya seli vikatafutwa.

Kinyama kilichogandishwa ndani ya nta hukatwa unene wa mikroni 3 au 4, kikatiwa joto ili protini zilizofungwa na formalini ya kuhifadhia zifunguke, kisha hutiwa kingamwili inayonasa protini moja tu. Inaponasa, rangi ya kahawia hujitokeza.

Protini ya Ki-67, iliyopewa jina la mji wa Kiel, Ujerumani, na kutangazwa mwaka 1983, hukaa kwenye kiini cha seli iliyo mbioni kugawanyika; seli iliyopumzika haina. Kinywani, kugawanyika ni kazi ya tabaka za chini. Kwa hiyo kuhesabu asilimia ya seli zenye kahawia pekee ni kujidanganya, maana hata jino lenye ncha kali linalochubua ulimi huongeza hesabu. Mimi ningeuliza kwanza kahawia iko wapi. Ikionekana katikati au juu, seli zilizopaswa kustaafu bado zinazaana.

Protini ya p53 ina mtego wake. Iliyo nzima huvunjwa upesi, hivyo tishu salama huonyesha vidoa hafifu, vya hapa na pale. Jeni ikibadilika, protini mara nyingi hurundikana na kioo kikakolea. Lakini yapo mabadiliko yanayoikatiza jeni hata protini isitengenezwe kabisa. Kioo hutoka kitupu, mwanagenzi akaandika “salama”, kumbe hata vile vidoa hafifu vya kawaida vimetoweka.

Miriam Rosin na wenzake wa Kanada waliziacha protini, wakatafuta vipande vya kromosomu vilivyopotea. Mwaka 2000 walionyesha kuwa kupotea kwa mkono wa kromosomu 3p au 9p peke yake kuliongeza hatari takriban mara 3.8, kukiandamana na hasara kwenye mikono mingine ya kromosomu, mara 33. Hayo yalikuwa madoa ambayo darubini iliyaona ya daraja la chini au yasiyo na displasia. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016 likajaribu dawa ya erlotinibu kwa wagonjwa wenye upotevu huo. Kipimo kilithibitika tena kutabiri saratani, ila dawa haikuizuia.