Mikono Ileile, Darasa Jingine: Jinsi Reiki Ilivyopangwa Upya kwa Wanafunzi wa Magharibi

Reiki ni tiba ya Kijapani ambayo mtendaji wake huweka viganja juu ya mwili wa mgonjwa, au karibu nao, kwa imani kwamba nguvu ya uhai iitwayo ki hupita mikononi mwake na kumsaidia mgonjwa kupona. Sayansi haijathibitisha kuwepo kwa nguvu hiyo, lakini uchambuzi huu hauhusu kama tiba hiyo inaponya au la. Unahusu ufundi uliotumika ili mafunzo yaliyoanzia Tokyo mwaka 1922 yaweze kufundishwa, kulipiwa na kutolewa cheti miongoni mwa Wamarekani na Wazungu. Husemwa mara nyingi kwamba watu wa Magharibi waliichukua Reiki na kuichuja wapendavyo, dai ambalo lina ukweli kiasi tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya marekebisho ilifanywa na watu wa asili ya Japani wenyewe, na kilichobadilika zaidi ni utaratibu wa kujifunza kuliko namna ya kuweka mikono.

Mwanzilishi, Mikao Usui, alizaliwa mwaka 1865 katika mkoa wa Gifu. Jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa mwaka 1927 katika hekalu la Saihoji mjini Tokyo linaeleza kwamba uwezo wa kuponya ulimjia baada ya mfungo wa siku 21 katika mlima Kurama, karibu na Kyoto, na linataja pia kwamba alikuwa amesafiri Ulaya, Marekani na China. Japani ya zama hizo ilikuwa na tiba nyingi za nguvu za nafsi, zilizochanganya mazoezi ya kidini ya wenyeji na mawazo yaliyotoka Ulaya na Marekani kuhusu usingizi wa kiini macho na uwezo wa fikra juu ya mwili, kwa hiyo anayetafuta Reiki safi isiyoguswa na Magharibi hataipata hata kwa Usui mwenyewe.

Katika chama alichokianzisha, Usui Reiki Ryoho Gakkai, mafunzo hayakuwa kozi yenye siku ya kumalizika. Mwanachama alihudhuria mikutano mara kwa mara, akakariri kanuni 5 za mwenendo, akasikia mashairi ya Mfalme Meiji yakisomwa, na kila mara akapokea reiju, yaani tendo ambalo mwalimu humfungulia mwanafunzi njia ya nguvu hiyo. Kulikuwa na ngazi za shoden, okuden na shinpiden, lakini kupanda kutoka moja hadi nyingine kulitegemea maendeleo ambayo mwalimu aliyaona kwa macho yake. Kipimo kikuu kilikuwa byosen, yaani joto, ganzi au mchomo ambao mtendaji huuhisi kiganjani anapopitisha mkono juu ya sehemu yenye maradhi. Hisia hiyo ndiyo iliyoamua mkono utue wapi na ukae kwa muda gani, na haikuwezekana kuijenga isipokuwa kwa kutibu watu wengi chini ya uangalizi.

Hatua ya kwanza ya kuyafunga mafunzo haya katika ratiba ilichukuliwa papo hapo Tokyo. Chujiro Hayashi, mwanafunzi wa Usui aliyekuwa ofisa mstaafu wa jeshi la majini, alifungua kliniki ambamo wagonjwa walilazwa vitandani na kuhudumiwa na watendaji wawili wawili, akatoa kijitabu cha mwongozo kilichoorodhesha maradhi na sehemu za mwili za kutibiwa, na akaendesha mafunzo ya siku chache mfululizo.

Hawayo Takata, aliyezaliwa Kauai, Hawaii, mwaka 1900 kwa wazazi wahamiaji kutoka Japani, aliikuta Reiki ikiwa katika umbo hilo. Alikuwa mjane mwenye afya mbovu alipofika Tokyo mwaka 1935. Alitibiwa katika kliniki ya Hayashi, akajifunza hapo, akarudi Hawaii mwaka 1937, na mwaka uliofuata Hayashi akamthibitisha kuwa mwalimu. Baada ya shambulio la Pearl Harbor la Desemba 1941, Marekani iliwaweka kambini watu wapatao 120,000 wa asili ya Japani, wengi wao wakiwa wakazi wa pwani ya magharibi, na kila kilichonuka Ujapani kikatiliwa shaka. Ni vigumu kuitenganisha hali hiyo na simulizi aliyowapa wanafunzi wake baadaye, kwamba Usui alikuwa Mkristo, mkuu wa chuo cha Doshisha cha Kyoto, aliyesoma pia Chuo Kikuu cha Chicago. Kumbukumbu za vyuo hivyo hazimtaji. Simulizi hiyo si ya kweli, lakini ilifanya kazi ambayo ukweli usingeifanya, kwa kuwa ilimpa msikilizaji wa Kimarekani mwanzilishi aliyefanana naye na kumwondolea hofu kwamba anaingizwa katika dini ya kigeni. Kanuni za mwenendo nazo ziliguswa, na katika matoleo yake kukaingia agizo la kuwaheshimu wazazi, walimu na wazee.

Mabadiliko mazito zaidi yalikuwa katika ufundishaji. Takata hakuiacha byosen, lakini alijenga pia mfuatano maalumu wa mikao ya mikono, kutoka kichwani hadi mgongoni, ambao mwanafunzi mgeni angeweza kuufuata kwa mtu yeyote bila kusubiri kiganja chake kianze kuhisi. Reiju iliyokuwa ikirudiwa kila mkutano ikawa tendo la kudumu, lililofanywa mara 4 katika ngazi ya kwanza na kuhesabiwa kuwa limekamilika. Hili ndilo rekebisho lililofungua mlango, kwa sababu mwanafunzi ambaye hatamwona tena mwalimu wake huhitaji kitu kisichochuja akifika nyumbani. Kilichobaki ni namna ya kupima dhamira ya mtu ambaye hakuna aliyemwona akihudhuria miaka nenda miaka rudi, na jibu la Takata lilikuwa ada: ngazi ya ualimu iligharimu dola 10,000. Wakosoaji huiita tamaa, na huenda wana hoja, lakini katika mfumo ulioondoa muda fedha zilishika nafasi ya muda. Kati ya mwaka 1970 na kifo chake mwaka 1980, aliwathibitisha walimu 22.

Aliwafundisha kwa mdomo, akiwakataza kuandika, na walipokutana baada ya kifo chake waligundua kwamba alama takatifu za mafunzo hayo, kama kila mmoja alivyozichora, hazikulingana. Mjukuu wake, Phyllis Lei Furumoto, aliongoza kundi moja na Barbara Weber Ray jingine, huku baadhi ya walimu wakishusha ada, na bei iliposhuka kizuizi pekee kilichosalia kikaanguka. Ngazi mbili zilianza kufundishwa katika mwisho wa juma mmoja. Chakra, yaani vituo vya nguvu vya mapokeo ya Kihindi vilivyofika Magharibi kwa msaada mkubwa wa wafuasi wa vuguvugu la kiroho la teosofia, zikapachikwa juu ya mikao ya Takata ingawa Usui hakuzifundisha, na mwaka 1995 mwandishi Diane Stein akazichapisha zile alama takatifu kitabuni. Ukristo wa kubuni ulioisaidia Reiki kuingia haukuikinga daima: mwaka 2009 maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitamka kwamba haifai kutolewa katika taasisi zao.

Reiki hii iliyopangwa upya ilirudi Japani katika miaka ya 1980, ikapata wanafunzi kwa urahisi kuliko Gakkai, ambayo ilikuwa imejifungia kwa wanachama wake. Muongo uliofuata, watafiti kama Frank Arjava Petter, Mjerumani aliyeishi Japani, waliitangaza Magharibi habari ya jiwe la Saihoji na mbinu za awali, na byosen pamoja na reiju ya kurudiwarudiwa zikaanza kufundishwa huko kama kozi za ziada, zenye ada na vyeti vyake.