Watangazaji wa Michezo wa Dar es Salaam na Sanaa Yao

Kumsimulia mchezo mtu asiyeuona ni kazi ya fasihi, ijapokuwa waifanyao hawajiiti wasanii. Msimulizi wa ngano humwonyesha msikilizaji msitu na zimwi kwa maneno matupu. Mtangazaji wa mpira humwonyesha uwanja, wachezaji ishirini na wawili na mpira usiotulia. Tofauti yao ni kwamba mwenye ngano aujua mwisho wa hadithi yake, na mwenye mpira haujui. Yapasa, basi, utangazaji nao upimwe sifa zake na ila zake, kama zipimwavyo ngano na tamthilia.

Katika Tanzania Bara sanaa hii ilikuwa na chombo kimoja kwa miaka mingi. Shirika la Utangazaji la Tanganyika lilivunjwa mwaka 1965, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikashika mahali pake. Vituo vya televisheni havikuanza Bara mpaka mwaka 1994. Mchezo wa Simba na Yanga uliochezwa alasiri mjini ulimfikia mtu wa Songea au Bukoba kwa kinywa cha mtangazaji peke yake. Katika shule hiyo walikua watu kama Ahmed Jongo, na Charles Hilary aliyefariki mwaka 2025.

Ufundi wa shule hiyo wastahili kutazamwa kwa karibu. Kwanza, kabla ya mpira kuanza, mtangazaji alieleza kuwa timu hii yashambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio ya msikilizaji. Kwa maneno hayo machache kisanduku kilichowekwa juu ya meza kiligeuka kiwanja; upande wake mmoja ukawa lango la Simba, na wa pili lango la Yanga. Pili, nyakati za vitenzi ziligawana kazi. Wakati wa -na- ulimtia msikilizaji ndani ya tendo: anakwenda, anampita mmoja, anapiga. Wakati wa -me- ulilifunga tendo: ameukosa. Kati ya kupiga na kukosa palikuwa na pumzi moja, na katika pumzi hiyo nchi nzima ilinyamaza. Sarufi ambayo wanafunzi hujifunza darasani kwa shida ilikuwa ikifanya kazi yake barabarani, na kila mtu akiifahamu.

Sheria ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo vya watu binafsi. Radio One ilianza mwaka 1994, Clouds FM mwaka 1999, EFM mwaka 2014, Wasafi FM mwaka 2019 na Crown FM mwaka 2024. Wakati huo huo televisheni ililichukua jicho la msikilizaji. Mwaka 2021 Azam Media ilipata haki ya kuonyesha ligi kuu kwa miaka kumi, kwa shilingi bilioni 225.6. Redio za biashara zikatafuta riziki kwingine. Zilikusanya watu kuzunguka meza, wakauzungumza mchezo kabla haujachezwa na baada ya kuchezwa. Ndivyo vilivyo vipindi kama Sports Extra cha Clouds, Sports HQ cha EFM na Sports Arena cha Wasafi.

Meza hiyo haikuletwa na redio. Asili yake ni kijiwe, na kijiwe chake hasa ni Kariakoo. Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, ina makao yake pembeni mwa mitaa ya Jangwani na Twiga. Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, iko mtaa wa Msimbazi. Mtu hutoka kwa mmoja akafika kwa mwingine kwa miguu bila kuchoka. Mchezo wao huchezwa Temeke, katika uwanja wa Benjamin Mkapa, lakini huitwa dabi ya Kariakoo, kwa kuwa maneno yake yote huzaliwa huko. Kijiwe kina sheria zake. Yuko mwenye kudai, yuko mwenye kukana, yuko mcheshi, na yuko mzee wa kusuluhisha. Na wote wamefungwa na utani, ambao huruhusu neno kali na kukataza chuki. Wachambuzi wa redio wamegawana nafasi zizo hizo. Wakiwa hodari, majibizano yao hufanana na ya malenga wawili wanaoshindania hoja moja, na kipindi huwa na utamu wa haki.

Ila yake ya kwanza ni kwamba mjadala waweza kuishi pasipo mchezo. Dabi iliyopangwa tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa siku ile ile, baada ya Simba kulalamika kwamba walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku uliotangulia. Haikuchezwa mpaka tarehe 25 Juni, Yanga iliposhinda 2-0. Kwa miezi mitatu na nusu mchezo uliahirishwa na maneno hayakuahirishwa. Kanuni, barua na uvumi vilijaza saa ambazo zamani zilijazwa na mpira. Mazungumzo hayo yalikuwa na faida kwa haki za washabiki, lakini hayakuhitaji kabisa ule ufundi wa kumwonyesha mtu asichokiona.

Ila ya pili yahusu kuhama kwa watangazaji. Mwaka 2016 Gerald Hando na Paul James, waliozoeleka katika kipindi cha asubuhi cha Clouds FM, walihamia EFM. Maulid Kitenge, aliyepata umaarufu mkubwa EFM, alikwenda Wasafi. Neno usajili, lililokuwa la wachezaji, sasa hutumika kwa watangazaji pia. Hakuna lawama kwa mfanyakazi kufuata malipo mema. Swali la uhakiki ni hili: sauti ikiondoka, kinabaki nini?

Muziki wa dansi wa mji huu ulikwisha kulijibu. Mwaka 1985 Muhiddin Maalim Gurumo na wenzake kadhaa waliondoka Mlimani Park wakaenda Orchestra Safari Sound. Bendi ilitikisika, lakini Sikinde haikufa, kwa sababu mtindo ulikuwa mali ya wote waliobaki, nao waliwafundisha waliokuja. Vipindi vingi vya redio havina mali ya namna hiyo. Vina jina, wimbo wa kufungulia na watu wanne. Watu wakiondoka, jina hubaki kama nyumba iliyohamwa.

Hapo ndipo hasara inapomfikia mtu asiye na kosa. Mkeka ulikuwa kitu cha ukindu cha kukalia. Kariakoo leo ni orodha ya michezo ambayo mtu ameiwekea fedha, na timu moja ikimwangusha husema mkeka umechanika. Matangazo ya kampuni za kubahatisha hukatiza uchambuzi, na mara nyingine kinywa kile kile kilichoeleza udhaifu wa beki ndicho kinachosifu kampuni. Mpagazi aliyetoa ujira wa siku hatambui mpaka kati ya maarifa na biashara, kwa maana sauti ni moja naye ameiamini miaka mingi. Imani hiyo hailipwi kwake sauti inaposajiliwa kwingine.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watangazaji wa leo wamesifiwa sana, na wengi wao wana akili nyepesi, kumbukumbu pana na Kiswahili chenye uhai. Wanachokosa ni shule. Kituo kitakachomrudishia mtangazaji kijana kazi ya kusimulia dakika tisini kwa mtu asiye na picha, na kikatenga wazi saa ya uchambuzi na saa ya kuuza, kitakuwa na mtindo ambao hakuna mshahara wa jirani utakaouhamisha. Bado wako wanaomhitaji msimulizi huyo: dereva aliye njiani, mlinzi wa duka usiku, na kipofu ambaye televisheni haikumwongezea kitu.